Saa Sita na Dakika Tano, Bristol

Fundi wangu wa redio mjini Kericho ni mzee wa maneno machache. Jumapili moja alasiri nilimkuta ameinamia redio ya mteja, anachomelea waya, na redio nyingine juu ya rafu inacheza kantri kama ilivyo desturi ya Jumapili upande huu wa nchi. Kwa kuwa najua anapenda habari za zamani, nikamwambia kwamba yule Chemirocha, kiumbe waliyemwimba wasichana wa Kapkatet katika wimbo wao wa zamani, alikuwa mtu kweli: mwimbaji wa kantri wa Marekani, jina lake Jimmie Rodgers, aliyerekodiwa mara ya kwanza katika mji mdogo uitwao Bristol.

Hakushangaa. Aliuliza tu, macho yakiwa bado kazini: "Alikuwa wa redio gani, kijana?"

Sikuwa na jibu.

## Kila mwimbaji na redio yake

Swali lile lilinifuata hadi nyumbani, likakaa nami kwa wiki kadhaa. Mimi nilikuwa nazungumzia santuri, mzee akaulizia redio. Kwa watu wa umri wake mwimbaji hakujulikana kwa karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri. Alijulikana kwa kituo kilichompiga, saa aliyosikika na mtangazaji aliyezoea kulitaja jina lake. Santuri ilikuwa ya mwenye gramafoni, na wenye gramafoni walikuwa wachache. Redio ilikuwa ya yeyote aliyeweza kusimama karibu na dirisha la jirani.

Hapa kwetu, lakini, Rodgers alifika kwa santuri. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipowarekodi wasichana hao wa Kipsigis mwaka 1950, Rodgers alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu tangu 1933. Sauti yake iliwafikia kupitia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, jina Jimmie Rodgers likageuka Chemirocha, na mwenye jina naye akageuka kiumbe nusu mtu nusu paa. Hadithi hiyo tumeizoea. Ambacho sikuwahi kujiuliza ni wapi sauti hiyo ilikuwa ikipita kabla haijaingia kwenye santuri.

Nikaanza kutafuta.

## Siku 12 zinazosifiwa

Mtajie mpenzi wa kantri jina Bristol, naye atakutajia mwaka 1927. Barabara kuu ya mji huo, State Street, ndiyo mpaka wenyewe: ukisimama katikati, mguu mmoja uko Tennessee na mwingine uko Virginia. Mwezi Julai mwaka huo Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, alifika na mitambo yake na kuifunga katika jengo lililokuwa la biashara ya kofia. Kuanzia tarehe 25 Julai hadi 5 Agosti alirekodi nyimbo 76 za makundi 19. Familia ya Carter ilishuka kutoka milimani Virginia na kuimba. Jimmie Rodgers aliimba tarehe 4 Agosti.

Kwa sababu ya siku hizo 12, Bunge la Marekani lilipitisha azimio mwaka 1998 la kuutambua mji huo kama mahali ulipozaliwa muziki wa kantri. Mwaka 2014 likafunguliwa mjini humo jengo la makumbusho.

Lakini Rodgers alikuwa na redio.

Ilikuwa WWNC ya Asheville, North Carolina, ng'ambo ya milima. Kituo chenyewe kilikuwa kichanga, kimefunguliwa Februari 1927. Miezi michache kabla ya Bristol, Rodgers alipewa nafasi pale akaimba pamoja na vijana waliotoka Bristol yenyewe, kisha kipindi kikakatizwa na wote wakabaki bila kazi. Walizunguka wakitafuta riziki kwenye hoteli za milimani, na safari hiyo ndiyo iliyowafikisha mbele ya Peer. Hapo wakagombana kuhusu jina la kundi, vijana wakarekodi kivyao, naye akaingia peke yake na gitaa lake.

Nilipolisoma hilo nilinyanyuka kitini. Swali la fundi lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe linaubadili mpangilio wa hadithi. Santuri haikumwokota mtu barabarani. Ilimchukua mtu ambaye redio ilikwisha kumzoesha kuimba mbele ya kitu kisichopiga makofi.

## Peer akaondoka, mji ukabaki

Jambo ambalo makala nyingi hulipita haraka ni kwamba Peer alifunga mizigo yake na kuondoka. Alirudi mwaka uliofuata kurekodi tena, kisha basi. Mji haukupata studio wala kiwanda cha santuri. Ulichopata ni redio.

WOPI ilianza kurusha matangazo Juni 1929. Miaka minane baadaye ilimwajiri kijana wa palepale kuwa mtangazaji kwa dola 10 kwa wiki. Dunia ilikuja kumjua kwa jina Tennessee Ernie Ford, na wimbo wake kuhusu mchimba makaa ya mawe aliyezama katika deni la duka la kampuni ulitamba mwaka 1955. WOPI ingetosha kuandikiwa makala yake peke yake.

Iliyonishika mimi ni jirani yake, WCYB, iliyoingia hewani tarehe 13 Desemba 1946.

Ilikuwa kwenye kilohezi 690, mawimbi ya kati. Wanaojua mambo ya mitambo watanielewa: kadiri unavyoshuka kwenye mkanda wa mawimbi ya kati, ndivyo mawimbi yanavyoshikamana na ardhi na kwenda mbali zaidi mchana. Kituo cha mji mdogo wa mpakani kikawa kinasikika Tennessee, Virginia, North Carolina, Kentucky na West Virginia. Huko mabondeni nyumba nyingi zilikuwa bado hazina umeme. Watu walisikiliza kwa redio za betri, na betri ilikuwa ghali, kwa hiyo redio haikuachwa ikilia siku nzima. Ilifunguliwa kwa ajili ya kitu fulani, kisha ikazimwa.

Kitu hicho kilianza saa sita na dakika tano mchana.

Kipindi kiliitwa Farm and Fun Time: shamba na burudani. Wakulima walikuwa wamerudi nyumbani kula. Zilitolewa habari zinazomhusu mkulima, yakasomwa matangazo ya biashara, na baina yake bendi zikasimama studio na kupiga muziki palepale, bila kurekodiwa kwanza. Wasikilizaji waliandika barua na kadi kuomba nyimbo na kutumiana salamu. Nadhani kwa msomaji yeyote aliyekulia nyumba yenye bunda la kadi za salamu kabatini sina haja ya kueleza zaidi. Tunaijua furaha ya kusikia jina la kijiji chako likitoka kwenye spika.

## Bendi iliishije?

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, kwa sababu mwanzoni haikuniingia akilini. Bendi hazikuwa zikiishi kwa mshahara wa kituo. Mtu anaamka alfajiri, anaendesha gari kwenye barabara za milima, anapiga muziki redioni kila siku ya kazi, halafu anakula nini?

Anakula kwa kutangaza atakakokuwa jioni.

Bendi ilipewa dakika zake, na ndani ya dakika hizo ilikuwa na ruhusa ya kuwaambia wasikilizaji: leo usiku tuko shule fulani, kesho tuko shule ile nyingine. Jioni walipakia ala ndani ya gari moja, gitaa na banjo na besi kubwa imefungwa juu ya paa, wakaenda. Darasa au ukumbi wa shule ulijaa wachimba makaa ya mawe na wakulima waliolipa kiingilio kidogo. Ziliuzwa picha na vijitabu vya nyimbo, mlangoni na kwa posta. Usiku wa manane walirudi, na saa sita mchana walikuwa tena studio.

Ndugu wawili wa familia ya Stanley ndio mfano bora ninaoujua. Carter na Ralph walitoka kaunti ya Dickenson, Virginia, nchi ya makaa ya mawe. Ralph alizaliwa Februari 1927, miezi michache kabla Peer hajafika Bristol. Alitoka jeshini Oktoba 1946. Kabla mwaka haujaisha walikuwa WCYB, siku chache tu baada ya kituo chenyewe kuanza. Walikuwa vijana wasiojulikana na mtu. Saa ile ya mchana iliwafanya watu wa majimbo matano wawaite kwa majina yao ya kwanza.

Kulikuwa na upande mwingine, nao ni mgumu. Sehemu moja ikishasikiliza bendi ileile mwaka mzima, na kila shule imeshatembelewa mara mbili tatu, viti huanza kubaki vitupu. Hapo bendi huhama kwenda mji mwingine wenye kituo kingine, ikaanza upya, na pengine kurejea baada ya watu kuikumbuka. Historia ya wanamuziki hao ukiifuata kwenye ramani unaona wanaruka kutoka mnara hadi mnara. Lester Flatt na Earl Scruggs walipotoka katika bendi ya mwimbaji Bill Monroe mwaka 1948, walipita vituo viwili vitatu hadi wakatua WCYB, na Mac Wiseman, aliyekuwa amekwisha kupiga pale na bendi yake, akaungana nao.

Kwa hiyo katika mji ule mmoja, saa ileile moja, waliwahi kusimama mbele ya maikrofoni karibu wote waliokuwa wakiutengeneza muziki ambao baadaye uliitwa blugrasi, tawi la kantri linalosikika kwa banjo yake.

Siku 12 za Peer hazikufanya hivyo. Saa ya chakula cha mchana ilifanya.

## Wimbo uliotangulia santuri yake

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi redio ilivyofanya kazi hiyo, nami nakipenda sana.

Bill Monroe alikuwa akiimba kila Jumamosi usiku kwenye WSM ya Nashville, kituo cha wati 50,000. Mojawapo ya nyimbo zake ilihusu mashindano ya farasi wawili. Alikuwa ameurekodi, lakini kampuni yake ilikuwa haijautoa. Ndugu wa Stanley waliusikia redioni, wakaushika kwa masikio, wakaurekodi kwa kampuni ndogo ya palepale milimani, Rich-R-Tone ya Johnson City. Santuri yao ikatoka 1948. Ya Monroe ikatoka 1949, baada ya yao.

Monroe alichukia. Kampuni yake hiyo, Columbia, ilipowasajili ndugu wa Stanley, alihama akaenda kampuni ya Decca.

Baadaye walipatana, na Carter akafanya kazi kwa muda katika bendi ya Monroe. Lakini fikiria kilichotokea. Wimbo ulitoka mdomoni mwa mtu Nashville, ukapita hewani usiku, ukaingia masikioni mwa vijana wawili na kutoka upande wa pili ukiwa santuri, kabla mwenyewe hajauona ukiuzwa. Waandishi wengi wa historia ya muziki huo huitaja santuri hiyo kama ishara kwamba mtindo wa mtu mmoja, Monroe, ulikwisha kuwa mtindo wa watu wengi.

Nimejiuliza mara nyingi kama huo ulikuwa wizi. Kwa sheria ya biashara ya muziki, Monroe alikuwa na haki ya kuudhika. Kwa namna nyimbo zinavyoishi, sioni njia nyingine. Hata taarabu, hata benga, zilisambaa kwa watu kusikiliza na kushika. Redio iliongeza mwendo tu.

## Ambao hawatajwi

Halafu nikafika mahali ambapo furaha yangu ilipungua.

Majina yote niliyotaja hapo juu yaliyopita WCYB ni ya wazungu. Tennessee na Virginia za wakati huo zilikuwa nchi ya sheria za ubaguzi: weusi na wazungu shule tofauti, milango tofauti. Zile shule zilizojaa jioni zilikuwa shule za wazungu. Ilhali banjo yenyewe, chombo kinachoupa muziki huo sauti yake, asili yake ni Afrika, na ilivushwa bahari na watu waliofungwa minyororo.

Lesley Riddle alikuwa mpiga gitaa mweusi aliyeishi Kingsport, mwendo mfupi kutoka Bristol. Alikuwa amepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji. A. P. Carter, kiongozi wa Familia ya Carter, alikutana naye mwishoni mwa miaka ya 1920, wakawa wanasafiri pamoja vijijini kukusanya nyimbo. A. P. alinakili maneno, Riddle, mwenye sikio kali, alishika tuni. Maybelle Carter, ambaye upigaji wake wa gitaa umeigwa na ulimwengu mzima, alijifunza mengi kwake. Nyimbo zilizokusanywa namna hiyo zilikwenda kwenye santuri, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Familia ya Carter ilikuwa ikizirusha kutoka XERA, kituo kikubwa mno kilichojengwa upande wa Meksiko, mpakani na Texas. Riddle hakuwa katika matangazo hayo.

Nilitaka kuandika makala ya kusifu redio. Bado naisifu. Lakini siwezi kusema kwamba ilikuwa ya kila mtu. Kusikiliza kulikuwa kwa kila mtu, maikrofoni haikuwa. Bibi mweusi wa Kingsport aliweza kufungua redio yake saa sita na dakika tano na kusikia tuni ambazo pengine zilipita mikononi mwa jirani yake, zikitajwa kwa majina ya wengine. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi kuliko jambo jingine lolote humu.

## Kilichobaki

Televisheni ya WCYB ilianza mwaka 1956. Kufikia hapo hali ilikwisha kugeuka kila mahali: roki ilikuwa imewateka vijana, na vituo viligundua kwamba mtangazaji mmoja na rundo la santuri ni nafuu kuliko bendi nne studio. Farm and Fun Time ikafifia. Masafa yale ya 690 baadaye yalichukua jina jipya, WZAP, na vipindi vya injili. Carter Stanley alifariki 1966. Ralph aliendelea kuimba hadi uzeeni, akafariki 2016.

Na vipindi vyenyewe?

Saa moja au mbili kila siku, mwaka baada ya mwaka. Vilivyohifadhiwa ni vichache sana. Kuna santuri moja ya matangazo ya ndugu wa Stanley kutoka kipindi hicho ambayo imetolewa kibiashara, na nimeisikiliza mara nyingi. Nyimbo zinavutia, lakini ninachokirudia ni maneno ya katikati, watu wanavyozungumza na wasikilizaji kama wanaozungumza na jirani juu ya ua. Zaidi ya hapo, yaliyopigwa yalipita. Siku 12 za 1927 zina kila wimbo, tarehe na jina kwa sababu zilichongwa kwenye nta na chuma. Miaka ya WCYB ina kumbukumbu za watu.

Naamini hii ndiyo sababu mji unaadhimisha zile siku 12. Tunaadhimisha kinachoweza kuwekwa kwenye kabati la kioo.

Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na bahati ya aina nyingine. Tanzania, redio ndiyo iliyokuwa studio. Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz waliingia Redio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, wakarekodiwa kwenye kanda kwa ajili ya matangazo, na kanda hizo zikabaki. Bila RTD, nyimbo nyingi tunazoziita za dhahabu zisingekuwepo kabisa. Lakini hata huko kilichobaki zaidi ni nyimbo. Sauti ya mtangazaji akisoma kadi ya salamu kutoka Mpwapwa jioni fulani ya 1978, hiyo iko wapi? Na redio za lugha za nyumbani zilizoanza kuchipuka Kenya kuanzia mwaka 2000, ambazo zimewalea waimbaji wetu kwa namna ileile ya Bristol, zikiwatangazia maonyesho yao ya mwisho wa wiki, ni nani anaweka vipindi vyake?

Mwaka 2015 makumbusho ya Bristol ilianzisha kituo chake ndani ya jengo, studio ikiwa nyuma ya kioo ili wageni waone. Jina lake ni WBCM, na ni cha nguvu ndogo, aina ambayo kwa sheria za Marekani haizidi wati 100. Ukitoka nje ya mji kwa gari unakipoteza. Walikifufua pia kipindi cha zamani kwa jina lilelile, mara hii mbele ya hadhira, na mara hii kinarekodiwa. Kituo kinapatikana kwenye intaneti. Saa sita mchana kwao, miezi ya kiangazi chao, ni saa moja jioni kwetu.

Nilimpelekea fundi jibu lake: WWNC, Asheville. Akaniuliza kama bado ipo hewani. Ipo. Kisha akafungua droo ya chini na kunionyesha kaseti ambazo wateja wamemwachia kwa miaka, nyingi zimerekodiwa moja kwa moja kutoka redioni, na wimbo unaanza katikati kwa sababu aliyebonyeza kitufe alichelewa. Kwenye kadhaa ya hizo mtangazaji anaongea kabla kanda haijakatika.

Tumeanza kuzihamisha kwenye kompyuta, kaseti moja baada ya nyingine. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti za namna hiyo, za Sauti ya Kenya, za RTD, za kituo chochote, tafadhali usizifute na usizitupe. Na ukiziandika lebo upya, andika pia jina la mtangazaji na saa ya kipindi kama kuna mtu anayekumbuka.